Ridhaa Imeondolewa kwa Mwenyeji, Imebaki kwa Mgeni

Tarehe 6 Juni 2025, Jaji Claudia Wilken wa mahakama ya shirikisho huko California alitia mkono wake katika suluhu ambayo kwayo vyuo vikuu vya Marekani, vilivyokaa zaidi ya miaka mia vikishika kwamba mwanafunzi achezaye kwa jina la chuo hastahili ujira wa mchezo wake, viliruhusiwa kwa mara ya kwanza kumlipa mwanafunzi huyo moja kwa moja kutoka katika hazina zao. Na fauka ya hayo, chama cha michezo cha vyuo hivyo kiliridhia kwamba dola bilioni 2.8 zitolewe, kwa muda wa miaka kumi, ziwe fidia kwa wale waliocheza tangu mwaka 2016 bila ya kuipata haki hiyo.

Huenda msomaji aliyeko Iten, au Mbulu, au Lubumbashi, akauliza kesi ya Wamarekani na vyuo vyao inamhusu nini yeye. Inamhusu, kwa sababu kwa takriban nusu karne vijana wa nchi zetu wamekuwa wakivuka bahari kwenda kukimbia na kucheza kwa majina ya vyuo hivyo, wakitoa nguvu za miili yao na kupokea elimu. Na kwa sababu mlango uliofunguliwa siku ile, kwa jinsi sheria za uhamiaji za Marekani zilivyo, umefunguliwa wazi kwa mwenyeji, na kwa mgeni umeachwa umerudishiwa. Dai langu katika makala haya ni hilo: kwamba kanuni ya ridhaa, yaani ya kucheza bila ya ujira, ilikuwa dhuluma tangu asili yake, kwamba kuondolewa kwake ni haki iliyochelewa, na kwamba haki hiyo haijatimia maadamu mtoto wa Kenya au wa Kongo anashindana bega kwa bega na Mmarekani, kwa jezi moja na kwa kazi moja, huku yeye peke yake akiwa amebaki chini ya sheria ya zamani.

Asili ya kanuni hii si Marekani. Ilizaliwa Uingereza katika karne ya 19, miongoni mwa watu waliokuwa na ardhi, mirathi na nafasi ya kutosha, ambao waliona kwamba mchezo ni pambo la muungwana, na kwamba anayeuchezea fedha anauchafua. Mwaka 1879 wasimamizi wa mashindano ya makasia ya Henley, katika mto Thames, waliandika maelezo yao ya nani ahesabiwe mchezaji wa ridhaa, na ndani yake wakawatenga, pamoja na wale waliowahi kushindania fedha, watu wote waliopata kufanya kazi ya ufundi au ya ukibarua kwa ujira. Msomaji na alitafakari jambo hili. Kibarua hakushitakiwa kwamba alipokea fedha za mchezo. Alishitakiwa kwamba anaishi kwa jasho lake. Ukuta ulijengwa kumzuia masikini asishindane na tajiri, kisha ukaitwa adili, na waliokuja baadaye wakaurithi kwa jina hilo bila ya kuuliza ulijengwa kwa sababu gani.

Jim Thorpe, mwana wa kabila la Sac na Fox, mmoja katika wenyeji wa asili wa Marekani, aliuonja uchungu wa ukuta huo. Alishinda mashindano mawili makubwa katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, ya michezo mitano na ya michezo kumi, naye wakati huo akitokea katika shule ya Carlisle iliyowekwa kwa watoto wa makabila hayo. Lakini mwaka uliofuata ikajulikana kwamba katika kiangazi cha 1909 na cha 1910 alicheza besiboli huko North Carolina akalipwa dola chache, basi nishani zake zikachukuliwa na jina lake likafutwa. Vijana wengi wa vyuo katika zama hizo walicheza besiboli ya malipo kwa majina ya bandia. Yeye alicheza kwa jina lake mwenyewe. Alifariki mwaka 1953. Kamati ya Olimpiki ilimrudishia heshima yake mwaka 1982 kwa kumshirikisha na wale waliopewa nafasi yake, na haikumtambua kuwa mshindi wa pekee hadi mwaka 2022, miaka 110 baada ya siku aliyoshinda.

Vyuo vya Marekani viliunda chama chao mwaka 1906, baada ya Rais Theodore Roosevelt kuwaita viongozi wao na kuwaonya juu ya vifo vya vijana katika futiboli ya Kimarekani. Na chama hicho, ambacho tangu mwaka 1910 kinajulikana kwa herufi NCAA, kiliifanya ridhaa kuwa nguzo yake. Mwaka 1956 kilikubali kwamba mchezaji apewe ada, chakula, malazi na vitabu kwa sababu ya mchezo wake. Mtu akipewa chakula, malazi na ada kwa sharti la kufanya kazi fulani, kwa saa fulani, chini ya msimamizi fulani, watu wote wa insafu husema kwamba ameajiriwa. Na kwa kuwa hatari hiyo ilionekana mapema, Walter Byers, aliyekuwa mtendaji mkuu wa chama hicho tangu 1951 hadi 1988, pamoja na wanasheria wake, walitunga jina la mwanafunzi-mwanamichezo na kuamuru litumiwe kila mahali, ili kwamba mchezaji akiumia asihesabiwe mfanyakazi na asidai fidia ya mfanyakazi. Halikuwa jambo la kudhania tu. Katika jimbo la Colorado mchezaji mmoja wa chuo kidogo aliumizwa kichwa uwanjani mwaka 1955 akafa, na mjane wake alipoomba mafao ambayo sheria humpa mjane wa mfanyakazi aliyefia kazini, mahakama ya juu ya jimbo hilo ilimnyima mwaka 1957, kwa hoja kwamba chuo hakikuwa katika biashara ya mpira. Byers mwenyewe, alipokwisha kustaafu, alitoa kitabu mwaka 1995 akaushitaki mfumo aliousimamia kwa takriban miaka arubaini, na kukiri kwamba ulikuwa ukiwanyonya vijana. Ushahidi wa mtu huyu una uzito kuliko wa maadui wote wa chama hicho, kwa kuwa aliijua nyumba kutoka ndani.

Biashara yenyewe, wakati huo wote, ilikuwa ikikua. Mwaka 2016 haki za kuonyesha katika televisheni mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume wa vyuo, ambayo huchezwa kila mwaka mwezi wa Machi, ziliongezewa miaka minane hadi 2032 kwa dola bilioni 8.8. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma mwenye mshahara mkubwa kuliko wote, kumpita gavana na kumpita jaji, ni kocha wa futiboli au wa mpira wa kikapu katika chuo cha serikali. Kila aliyeusimamia mchezo, aliyeutangaza na aliyeuza jezi zake alilipwa. Aliyeucheza aliambiwa kwamba fedha zingemharibia tabia.

Sasa na nije kwa watu wetu.

Mwaka 1978 kijana wa Kinandi, Henry Rono, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Washington State katika mji mdogo wa Pullman, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81: mita 5,000 huko Berkeley mwezi wa Aprili, kuruka viunzi na maji huko Seattle mwezi wa Mei, mita 10,000 huko Vienna na mita 3,000 huko Oslo mwezi wa Juni. Sijui mwanariadha mwingine wa mbio ndefu aliyefanya mfano wa hayo, na naamini hatatokea upesi. Katika zama hizo si vyuo peke yake vilivyokataza ujira. Hata shirikisho la riadha la dunia lilishika ridhaa, na fedha za mkimbiaji, zilipokuwapo, zilipita chini ya meza, bila ya hati wala shahidi, kwa hisani ya mwenye mashindano. Kenya haikushiriki Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 wala ya Moscow mwaka 1980, kwa hivyo hata nishani ya Olimpiki, ambayo ni malipo yaliyokubaliwa na kanuni ile, hakuipata. Maisha yake yaliyofuata yalikuwa mazito: ulevi ulimwandama, kuna nyakati alikosa mahali pa kulala, akafanya kazi za mikono katika miji ya ugenini ambako wapita njia hawakumjua, kisha akasimama tena, akafundisha riadha, akaandika habari za maisha yake, akarejea nyumbani uzeeni, na mwezi wa Februari 2024 akafariki. Simbebeshi mtu mmoja wala kanuni moja mzigo wa masaibu yote hayo. Nasema tu kwamba mtu aliyejaza viwanja vya Ulaya na Marekani katika kiangazi kile angalistahili kuwa na akiba benki iliyoandikwa kwa jina lake, na kwamba sheria ya wakati ule ilimkataza kuwa nayo.

Nani atakayesema, hata hivyo, kwamba safari zile hazikuwa na kheri? Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972, alisoma Marekani hadi akapata shahada ya udaktari, akarejea Kenya akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta na kuwahi kuwa kamishna wa michezo wa serikali. Suleiman Nyambui, mwalimu kutoka Mara, alikwenda chuo kikuu cha Texas kilichoko El Paso naye si kijana mdogo tena, na alipokuwa mwanafunzi huko akailetea Tanzania nishani ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow, ambayo pamoja na ile ya Filbert Bayi iliyopatikana katika michezo hiyo hiyo ndizo nishani mbili tu za Olimpiki ambazo nchi hiyo inazo hadi leo. Paul Ereng wa chuo kikuu cha Virginia na Peter Rono wa chuo kidogo cha Mount St. Mary's huko Maryland walirudi kutoka Seoul mwaka 1988 na dhahabu ya mita 800 na ya mita 1,500. Elimu ya vyuo vile ni mali ya kweli, na mtu anayeibeza hakupata kumwona mzazi wa kijijini akiitazama shahada ya mwanawe. Lakini mali ya kweli ikitolewa kwa mkono mmoja haihalalishi kwamba mkono wa pili uchukue kisicho chake.

Ukuta ulianza kubomoka mahakamani. Ed O'Bannon, aliyekuwa bingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo mwaka 1995 na timu ya UCLA, aliona miaka mingi baadaye katika mchezo wa kompyuta mtu aliyechorwa kwa umbo lake, nambari yake na mkono wake wa kushoto, akiuzwa madukani bila ya idhini yake na bila ya senti moja kwake. Alishitaki mwaka 2009, na mwaka 2014 jaji huyu huyu Wilken akahukumu kwamba kanuni hizo zilivunja sheria ya ushindani wa biashara. Jimbo la California likatunga sheria mwaka 2019 ya kumpa mwanafunzi haki ya kuuza jina na sura yake. Kisha tarehe 21 Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja ya majaji wote tisa, ikasema katika kesi ya Shawne Alston kwamba chama hakina ruhusa ya kuwekea kikomo manufaa ya wachezaji yanayohusu masomo; na mmoja wa majaji, Brett Kavanaugh, akaongeza maoni yake kwamba hakuna biashara nyingine katika Marekani ambayo ingeachwa ikubaliane kutowalipa wafanyakazi wake ujira wa haki, kisha ijitetee kwa kusema kwamba kutolipa ndiko kunakoifanya bidhaa yake iwe ilivyo. Siku kumi baadaye, tarehe 1 Julai, chama kikawaruhusu wachezaji kuuza majina, picha na sura zao kwa wafanyabiashara. Suluhu ya 2025 ikamalizia, kwa kukiruhusu kila chuo kigawe hadi dola milioni 20.5 kwa wachezaji wake katika mwaka wa kwanza.

Hapa ndipo habari ya mgeni inapoanza. Mwanafunzi kutoka nje huingia Marekani kwa viza inayoitwa F-1, baada ya chuo kumtumia fomu ya I-20 inayoonyesha kwamba gharama zake za mwaka zina wa kuzilipa. Na viza hiyo humruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu, kwa kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kama vile katika maktaba au katika mkahawa wa wanafunzi, wala haimruhusu kupokea ujira wa nje isipokuwa kwa vibali maalumu vichache. Akivunja sharti hilo hapotezi mchezo peke yake: hupoteza uhalali wa kuwapo nchini, na huweza kurudishwa kwao kabla ya kumaliza shahada. Walioitunga sheria hiyo walikuwa wakimfikiria mwanafunzi anayeosha vyombo hotelini au kufagia maduka usiku, wala haikuwapitikia akilini kwamba itafika siku ambapo picha ya mwanafunzi itakuwa na thamani kuliko mshahara wa mwalimu wake. Lakini sheria husomwa kama ilivyoandikwa, na mawakili wa uhamiaji aghalabu huwashauri wageni wasiziguse fedha hizo wakiwa ndani ya ardhi ya Marekani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi. Katika msimu wa 2021 na 2022, akiichezea Kentucky, alipata wastani wa pointi zaidi ya 17 na mipira ya kudaka zaidi ya 15 kwa kila mchezo, akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka katika vyuo vyote vya Marekani. Jina lake lilikuwa likiimbwa katika ukumbi wenye viti zaidi ya elfu ishirini. Wenzake wa timu, hata waliokaa benchi, waliweza kutia mkono mikataba ya magari, nguo na vyakula mjini kwao. Yeye, mwenye taji, hakuweza. Timu ilipokwenda visiwa vya Bahamas mwezi wa Agosti 2022 kwa michezo ya kirafiki, ndipo Tshiebwe alipopata nafasi ya kupiga picha za matangazo na kutia mkono mikataba kwa wingi, kwa kuwa pale alikuwa nje ya mipaka ambayo viza yake inatawala. Mtu aliyekuwa na haki ya kile alichokichuma alilazimika kuvuka bahari ili akichume, tena kwa siku chache, kisha arudi kunyamaza. Na huyo ni mwenye bahati, kwa sababu timu yake ilikuwa na fedha za safari. Msichana wa Nandi anayekimbia mbio za nyika katika chuo cha Alabama au cha Iowa hana Bahamas.

Watetezi wa hali hii husema kwamba mgeni alijua masharti ya viza kabla ya kuja. Ni kweli alijua. Lakini hoja hiyo hiyo ndiyo iliyotumiwa miaka sabini dhidi ya Wamarekani wenyewe, kwamba kila mmoja alitia mkono kwa hiari yake, na mahakama zao zimeikataa. Kilicho dhuluma kwa mwenyeji hakigeuki kuwa haki kwa sababu anayetendewa ana pasipoti ya rangi nyingine.

Liko jambo la pili ambalo watu hulijua kidogo zaidi, nalo ni hesabu ya miaka. Katika daraja la kwanza la NCAA mchezaji amekuwa akipewa misimu minne, ndani ya miaka mitano inayoanza kuhesabiwa siku anapojiandikisha chuoni kwa masomo kamili. Na kabla ya hapo, katika michezo mingi, riadha ikiwamo, hupewa muhula wa mwaka mmoja tu baada ya kumaliza sekondari, ambao ukipita naye akaendelea kushiriki mashindano yaliyopangwa, basi kila mwaka wa kushiriki humpunguzia msimu mmoja. Kwa kijana wa Ohio kanuni hiyo haina taklifu: anamaliza shule mwezi wa Juni, na Agosti yuko chuoni. Tuchukue sasa, kwa mfano, msichana wa Elgeyo Marakwet aliyefanya mtihani wa KCSE mwezi wa Novemba. Matokeo yanatoka mwezi wa Januari; pasipoti inahitaji ada na safari ya kwenda mjini; mtihani wa Kiingereza au wa SAT unafanyika mbali na una ada yake; chuo kinataka nakala za vyeti zilizothibitishwa; na miadi ya viza Nairobi hupatikana inapopatikana. Mwaka umekwisha. Katika mwaka huo huo, kwa kuwa mdogo wake anadaiwa karo, anapanda matatu kwenda kushindana mbio za barabarani, anamaliza wa tatu, anapewa shilingi elfu kadhaa ndani ya bahasha, na jina lake linaandikwa katika orodha ya matokeo. Orodha ile itatafutwa na kusomwa Indianapolis, kwenye makao makuu ya chama, na ataulizwa: ulipokea kiasi gani, na gharama zako za kweli zilikuwa kiasi gani? Kwa miaka mingi mchezaji wa tenisi aliruhusiwa kupokea zawadi hadi dola 10,000 kwa mwaka kabla ya kuingia chuo. Mkimbiaji aliruhusiwa gharama zake tu.

Natambua kwamba kuna malalamiko ya haki upande wa pili. Mwaka 1981 timu ya El Paso, iliyojaa wakimbiaji wa Kiafrika, baadhi yao wakiwa watu wazima waliokwisha kukimbia kwa majina ya mataifa yao, ilichukua ubingwa wa mbio za nyika kwa pointi 17, na pointi chache kuliko zote zinazowezekana ni 15. Kijana wa Kimarekani wa miaka 18 aliyepangwa mstari mmoja na bingwa wa Jumuiya ya Madola ana sababu ya kunung'unika, na mlipa kodi wa jimbo ana haki ya kuuliza fedha zake zinamsomesha nani. Kikomo cha umri au cha miaka ya ushindani si ubaya. Ubaya ni kukipima kwa mizani mbili, kama ilivyowahi kutokea: NCAA ilipokuwa na kanuni ya kumhesabia mgeni peke yake michezo aliyocheza kwao baada ya kutimiza miaka 19, chuo kikuu cha Howard, ambacho timu yake ya kandanda yenye vijana wa Afrika na wa visiwa vya Karibi ilinyang'anywa ubingwa wa mwaka 1971, kiliipeleka kanuni hiyo mahakamani, na mwaka 1975 mahakama ya rufaa ya Washington ikathibitisha kwamba ilikuwa kinyume cha usawa wa sheria. Kanuni za leo zimeandikwa kwa maneno yasiyomtaja mgeni. Lakini tazama nani anayepata nafuu zake: Desemba 2024 Diego Pavia, mchezaji wa futiboli wa Vanderbilt, alipata amri ya mahakama kwamba muda aliocheza katika chuo cha miaka miwili usimzuie kuendelea msimu mwingine, na baada yake wengine wengi wakafuata njia hiyo hiyo. Kesi inataka wakili, na wakili anataka fedha; mgeni asiyeruhusiwa kuchuma hana vyote viwili, tena huogopa kwamba jina lake likionekana mahakamani litaonekana pia katika ofisi ya uhamiaji.

Suluhu yenyewe ya 2025 imeleta dhiki nyingine kwa wakimbiaji. Vikomo vya zamani vya idadi ya ufadhili vimeondolewa, na mahali pake vimewekwa vikomo vya idadi ya wachezaji: 17 katika mbio za nyika, 45 katika riadha ya uwanjani. Fedha zinazogawiwa huelekea kwanza kwenye futiboli na mpira wa kikapu, ambako zimechumwa, na vyuo vinapotafuta pa kupunguza gharama hutazama michezo isiyoingiza kiingilio, yaani ile ile ambayo watoto wetu huifuata. Sishangai wala silaumu kwamba aliyechuma alipwe. Nalaumu kwamba hazina inapopungua, anayepunguziwa wa kwanza ni yule asiye na njia nyingine halali ya kujaziliza.

Basi nini kifanyike? Dawa ya kwanza iko Washington, nayo si kubwa: wabunge wa Marekani waongeze katika sheria ya viza ya mwanafunzi ruhusa ya kupokea malipo ya jina na sura, na malipo ya chuo chake mwenyewe, kama ilivyokwisha kuruhusiwa kazi ya maktaba. Serikali zetu, kwa njia ya balozi zao, zina haki ya kulisemea jambo hili, kwa kuwa linahusu ujira wa raia wao. Nami sijapata kusikia zikilisemea kwa sauti kubwa. Dawa nyingine iko kwetu, na haihitaji ruhusa ya Mmarekani yeyote. Shirikisho la Riadha la Kenya na lile la Tanzania yajua ni shule zipi na kambi zipi wanakotoka vijana hawa. Ni wajibu wao kuweka katika kila wilaya ya riadha mtu mmoja aliyesoma kanuni hizi, awaambie wanafunzi wa kidato cha nne, kabla ya mtihani na si baada yake, kwamba saa imeanza kuhesabu, kwamba bahasha ya mbio za barabarani ina bei, na kwamba si kila wakala anayekuja kijijini na kamera ametumwa na chuo.

Kwa mzazi aliyeletewa barua ya chuo wiki hii nina ombi moja. Asitie mkono kabla hajauliza ufadhili ule ni wa mwaka mmoja unaohuishwa kwa hiari ya kocha, au ni wa miaka yote minne. Mtoto akivunjika mguu, nani atalipa matibabu, na je, ada itaendelea. Amehesabiwa misimu mingapi iliyobaki. Na sehemu gani ya fedha zinazotajwa katika barua hawezi kuipokea kwa viza atakayopewa. Majibu ya maswali hayo yote ayatake kwa maandishi, na kocha anayekataa kuyaandika akataliwe.